Jinsi ya Kuombea Tuzo Kifaa Chako cha Kupimia Magonjwa: Mwongozo kwa Wabunifu wa Dodoma na Kanda ya Kati

Kila dirisha la maombi likifunguliwa, maswali ni yale yale. Nimetengeneza kifaa kidogo cha kupima, naanzia wapi? Lazima niwe na shahada ya uzamivu? Bila kampuni nitakubaliwa? Nitangulie NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au nitangulie BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Ni wako wewe mwanafunzi wa UDOM au Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, wewe fundi wa vifaa tiba katika hospitali ya wilaya, na wewe mteknolojia wa maabara uliyeko Manyoni au Mpwapwa ambaye umechoka kusubiri mashine isiyokuja.

Shika jambo moja kabla ya yote. Majaji wa tuzo hizi huona vifaa vizuri kila mwaka. Wanachokitafuta ni ushahidi kwamba kifaa chako kinatoa majibu ya kuaminika mahali ambapo maabara haipo, na kwa gharama ambayo mahali hapo panaimudu. Ndiyo maana hapa chini fomu ya maombi imewekwa karibu na mwisho. Wengi huanza na fomu, halafu wanashangaa kwa nini hawana cha kujaza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mfano wa kifaa unaowaka na kutoa jibu, hata kama kasha lake ni la plastiki ya kuokoteza. Michoro peke yake inatosha kwa ruzuku chache tu za wazo la awali.
- Daftari la kazi lenye tarehe, kurasa zikiwa na namba. Kila jaribio liingie humo, hasa lililoshindikana.
- Mtu wa maabara na mtu wa kliniki waliokubali kuwa sehemu ya timu. Kama wewe ni mhandisi, hili halina mjadala.
- Taasisi ya kukubeba: chuo, hospitali au kituo cha utafiti. Kampuni inasaidia, lakini tuzo nyingi za hatua za mwanzo haziidai.
- Kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi na pasipoti. Pasipoti iombe mapema, maana fainali nyingi za tuzo za kimataifa hufanyika nje ya nchi.
- Akiba kidogo ya fedha kwa ada za vibali, nauli na vitendanishi (kemikali za kupimia). Tuzo hulipa baadaye, gharama hizi huja mwanzo.

Shahada ya uzamivu haimo kwenye orodha hii. Utaihitaji kwa baadhi ya ruzuku za utafiti zinazotaka mtafiti mkuu mwenye sifa hiyo, na hapo msimamizi wako wa chuo anaweza kushika nafasi hiyo.

Hatua ya 1: Nenda zahanati kabla ya kugusa waya mwingine

Chagua zahanati isiyo na maabara. Chamwino, Bahi na Chemba zipo jirani. Omba ruhusa kwa mganga mfawidhi ukae siku nzima ya kliniki ya wajawazito, ukitazama bila kupima mtu yeyote. Angalia kifaa kingekaa meza ipi, nani angekishika, ana dakika ngapi kwa kila mama, umeme unatoka wapi na unakatika saa ngapi, taka zenye damu zinakwenda wapi.

Utaona mambo ambayo maabara ya chuo haitakuonyesha. Chukua kifaa kinachosoma rangi ya tone la damu kwa taa ndogo na kamera ya simu. Chuoni kinasomwa chini ya taa za dari, mwanga ni ule ule asubuhi hadi jioni. Zahanati, meza ya muuguzi iko dirishani kwa sababu ndiko kwenye mwanga. Saa nne asubuhi jua linaingia moja kwa moja, linapenya kwenye mwanya wa kasha, na damu ile ile inasomeka nyepesi kuliko ilivyo. Saa nane jua limehama na jibu limebadilika. Juu ya hayo kuna vumbi. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma hauna huruma, na utando mwembamba juu ya lenzi unatosha kuharibu usomaji. Dawa yake ni kifuniko cheusi kinachoziba vizuri na kitambaa cha kufutia. Ni vitu vya bei ndogo sana, lakini lazima uwe umelijua tatizo.

Hapa pia ndipo utakapojua kama tatizo lako ni la kweli. Kanda ya Kati ina maswali yake ambayo watu wa mbali hawayaoni: upungufu wa damu kwa wajawazito, brusela kwa wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi, trakoma, ugonjwa wa macho ambao Kongwa imekuwa sehemu ya utafiti wake kwa miongo kadhaa, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye nafaka, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Andiko linalotaja tatizo la hapa kwa undani lina nguvu kuliko linaloanza na takwimu za dunia nzima.

Hatua ya 2: Jua unaomba kitu gani

Watu huviita vyote tuzo, lakini viko vya aina tatu na kila kimoja kina masharti yake.

*Mashindano ya ubunifu* hutazama ulichokwisha kutengeneza. Nyumbani tunayo MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019 chini ya Wizara ya Elimu na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), yenye makundi kuanzia shule za msingi hadi vyuo vikuu, taasisi za utafiti na hata wabunifu wa mtaani. Kwa Afrika ipo Africa Prize for Engineering Innovation ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ilianzishwa mwaka 2014. Mshindi wake wa kwanza, mwaka 2015, alikuwa Mtanzania, Askwar Hilonga, kwa chujio lake la maji. Mwaka 2016 akashinda Arthur Zang wa Cameroon kwa Cardio-Pad, kifaa cha kupima mwenendo wa moyo ambacho majibu yake hutumwa kwa daktari aliye mbali. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Brian Gitta wa Uganda kwa Matibabu, kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu. Vifaa vidogo vya uchunguzi, kama unavyoona, si wageni pale.

*Ruzuku za utafiti* hutoa fedha kwa kazi utakayoifanya. COSTECH hutangaza kupitia mfuko wake wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE, na Grand Challenges ya Gates Foundation ilizoeleka kwa ruzuku za kuanzia za dola 100,000. Hapa swali la utafiti lina uzito kuliko umbo la kifaa.

*Tuzo za lengo* hutaja tatizo, huweka vigezo, na hulipa atakayevifikia. Mfano mzuri ni Longitude Prize ya ukinzani wa dawa (vimelea kuzoea dawa), iliyozinduliwa Uingereza mwaka 2014. Ilidai kipimo sahihi, cha haraka, cha bei nafuu na rahisi kutumia. Ilichukua miaka 10 kumpata mshindi. Mwaka 2024 pauni milioni 8 zilikwenda kwa Sysmex Astrego wa Sweden, kwa kipimo cha maambukizi ya njia ya mkojo kinachoonyesha ndani ya dakika 45 dawa itakayofanya kazi.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mashindano ya nyumbani kwanza, kisha ruzuku ndogo ya kukusanya ushahidi, kisha tuzo ya bara la Afrika. Ukiruka moja kwa moja kwenye ile kubwa utaulizwa data usizonazo.

Angalizo: ukitakiwa kutuma ada ya usajili kwa namba ya simu ya mtu, au barua inakupongeza kwa tuzo usiyoiomba, achana nayo. Tangazo la kweli lina tovuti ya taasisi, masharti yaliyoandikwa na majina ya washindi waliopita unaoweza kuwatafuta.

Hatua ya 3: Andika swali moja na uchague kipimo cha kujilinganisha nacho

Sentensi moja, isiyo na sifa. Mfano: "Je, muuguzi wa zahanati akitumia kifaa hiki anaweza kumtambua mjamzito mwenye wingi wa damu chini ya gramu 11 kwa desilita, sawasawa na mashine ya hospitali?" Ndani yake kuna mtumiaji, mgonjwa, kiwango na mlinganisho. Ukikosa kimoja, swali halijakamilika.

Mlinganisho ndio unaowaangusha wengi. Usijilinganishe na kifaa kingine cha bei rahisi. Jilinganishe na njia bora inayopatikana: kwa damu, mashine ya picha kamili ya damu, kwa malaria, hadubini ya msomaji mzoefu au kipimo cha vinasaba. Na kwa wanaopima damu, kumbukeni kwamba Dodoma mjini iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Shirika la Afya Duniani lina marekebisho ya viwango vya damu kwa wanaoishi maeneo yaliyoinuka. Jaji anayejua kazi yake atauliza.

Hatua ya 4: Anza vibali mapema kuliko unavyodhani

Hakuna tone la damu la mtu linaloingia kwenye kifaa chako bila kibali cha maadili ya utafiti. Damu iliyobaki maabara baada ya kipimo cha kawaida nayo ina kanuni hiyo hiyo. Kwa mpangilio:

1. Kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako, kisha ile ya kitaifa iliyo chini ya NIMR pale utafiti wako unapoihitaji. Uliza kamati ya chuo kabla ya kuandika, ikuambie wewe uko kundi gani.
2. Barua za utawala: TAMISEMI au Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mganga mfawidhi. Usiruke ngazi. Mganga mfawidhi hata akikupenda, hawezi kukufungulia mlango bila barua ya juu yake.
3. Kama sampuli itapelekwa nje ya nchi, kuna makubaliano maalumu ya kusafirisha sampuli yanayopitia NIMR.
4. Kama unakusanya majina, namba za simu au picha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu.

Fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili cha mama wa kijijini, isiwe tafsiri ya fomu ya chuo cha ng'ambo. Mvumi na Bahi utakutana na wazee wanaoelewa Kigogo vizuri zaidi, Kondoa ni Kirangi, Singida ni Kinyaturu. Panga mtu wa kueleza. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtu wa timu yako.

Angalizo kubwa kuliko yote humu: wakati wa utafiti, jibu la kifaa chako lisitumike kumtibu mtu. Mgonjwa anatibiwa kwa kipimo kilichokwisha kuidhinishwa. Kifaa kikisema mzima na mashine ikasema mgonjwa, anapewa dawa. Mama huyu amekuamini na kidole chake.

Tembelea pia TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hii ndiyo faida ya kuwa Dodoma ambayo wabunifu wengi hawaitumii: makao makuu ya TMDA, Wizara ya Afya, TAMISEMI na Wizara ya Elimu vyote viko mji mmoja, kwa nauli ya daladala au bodaboda. TMDA hupanga vifaa tiba katika madaraja A hadi D kufuatana na hatari yake. Uliza chako kinaangukia wapi. Ukiweza kuandika kwenye andiko daraja la kifaa na njia ya usajili, umeshawapita wengi. Kifaa chenye mionzi, kama eksirei ya kubeba, kina mlango mwingine: Tume ya Nguvu za Atomiki.

Hatua ya 5: Linda ubunifu kabla ya kuuonyesha

Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, hudai kitu kiwe kipya. Ukikitangaza hadharani kabla ya kuomba, upya huo unaweza kukuponyoka. Hadharani ni pamoja na banda la maonyesho, video ya mtandaoni na tasnifu iliyowekwa maktaba. Zungumza na BRELA, au na ARIPO, shirika la haki miliki la kanda ya Afrika lililoko Harare, kama unataka ulinzi katika nchi kadhaa kwa ombi moja. Chuo chako kina sera ya haki miliki. Isome, kwa sababu sehemu ya haki inaweza kuwa ya chuo.

Timu iandikiane karatasi moja: nani ana asilimia ngapi, nani anatajwa, nani akiondoka inakuwaje. Fanyeni hivi kabla fedha haijaingia.

Hatua ya 6: Kitese kifaa mezani

Kipimie kimiminika chenye kiwango unachokijua, mara 20 mfululizo. Majibu yakiwa yanayumba sana, usiende kwa wagonjwa. Kisha badilisha mazingira kimoja kimoja: joto la chini ya bati mwezi Novemba, betri ikiwa karibu kwisha, jua la dirishani, vumbi, kutikiswa kwenye boksi la bodaboda kutoka mjini hadi kijijini. Mpe mtu asiyekijua, msomee maelekezo, nyamaza, tazama anakosea wapi. Kila tokeo liingie daftarini na tarehe yake. Jedwali la mateso haya lina thamani kubwa kwenye andiko, maana wachache wanalo.

Pima pia kwenye ngozi za watu wa hapa, kama kifaa chako kinasoma kwa mwanga kupitia kidole. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba vifaa vya kupima oksijeni kidoleni vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Vifaa hivyo vimeuzwa dunia nzima kwa miaka mingi. Mbunifu wa Dodoma ana nafasi ya kuziba pengo hilo, na majaji wanalijua.

Hatua ya 7: Pima kwa watu, na uhesabu kwa uaminifu

Hapa ndipo andiko linaposimama au kuanguka, kwa hiyo twende polepole.

Tuseme umepima watu 200. Mashine ya hospitali inasema 50 ni wagonjwa na 150 ni wazima. Kifaa chako kimewakamata wagonjwa 46 kati ya 50, na kimewaacha wazima 141 kati ya 150, yaani kimesema sawasawa kwamba hawaumwi. Uwezo wake wa kumkamata mgonjwa ni 92%. Uwezo wake wa kumwacha mzima ni 94%. Andika namba hizi mbili daima. Ukiandika "usahihi 93.5%" peke yake, jaji atajua unaficha kitu au hujui unachokipima.

Kisha wingi wa watu. Wagonjwa 50 ni wachache: 92% yako kwa kweli inaweza kuwa popote kati ya 81% na 97% hivi. Ukitaka kusema 92% kwa kuteleza kusikozidi 5% juu au chini, unahitaji wagonjwa wapatao 113. Kama theluthi moja ya wanaokuja kliniki ndio wenye tatizo, itabidi upime watu takriban 340. Huu ndio msingi wa bajeti yako na muda wako, na ni bora ukae na mtakwimu wa chuo kabla ya kuanza.

Kuna mtego mmoja zaidi. Peleka kifaa hicho hicho kijijini kupima watu 1,000 wasiolalamika chochote, ugonjwa ukiwa kwa 2% tu. Wagonjwa ni 20, utawakamata kama 18. Wazima ni 980, na 6% yao, karibu 59, wataambiwa wagonjwa kimakosa. Katika kila watu 77 uliowatisha, wagonjwa wa kweli ni 18. Kifaa hakijabadilika, kilichobadilika ni mahali. Kwa hiyo sema wazi kifaa chako ni cha nani: wenye dalili wanaofika zahanati, au watu wote wa kijiji. Na useme mwenye jibu baya anapelekwa wapi kuthibitishwa.

Anayesoma kifaa chako asijue jibu la mashine, na wa mashine asijue la kifaa. Wale ambao majibu yao hayakusomeka wahesabiwe pia, usiwafute.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya kipimo kimoja

Usiandike "kifaa kitauzwa laki tisa" ukaishia hapo. Tarakimu za mfano: kifaa shilingi 900,000, kinadumu miaka 3, kinapima watu 10 kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Hivyo ni vipimo 7,500, na kifaa kinagharimu shilingi 120 kwa kila kipimo. Kijiti cha kupimia ni 1,500. Sindano, glavu na pamba 400. Betri na marekebisho, 150,000 kwa mwaka, ni 60. Jumla shilingi 2,080.

Umeona fedha ilipo? Ukipunguza bei ya kifaa nusu, unaokoa shilingi 60. Ukipunguza bei ya kijiti kwa theluthi, unaokoa 500. Wabunifu wengi huhangaika na kasha na skrini wakati kijiti kinatoka nje kwa dola. Halafu rudia hesabu kwa zahanati ndogo inayopima watu 2 kwa siku: inafika shilingi 2,800. Weka namba zote mbili.

Somo zuri la unafuu limetoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa Manu Prakash na wenzake: Foldscope, hadubini ya karatasi ya kukunja ambayo malighafi yake haifiki dola moja, na mwaka 2017 kizungushio cha karatasi na uzi cha senti 20 za Marekani kinachotenganisha damu kwa mkono, kikifika mizunguko 125,000 kwa dakika. Mtoto yeyote wa hapa aliyechezea kifuniko cha soda na uzi anaijua kanuni hiyo.

Hatua ya 9: Sasa andika andiko

Liandike kwanza kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, umsomee muuguzi wa ile zahanati ya hatua ya kwanza. Asipoelewa, rekebisha. Kisha ndipo uhamie Kiingereza cha fomu.

Epuka ufunguzi wa namna hii: "Kifaa chetu cha kisasa kitaleta mapinduzi katika sekta ya afya Afrika." Andika hivi: "Zahanati isiyo na maabara haiwezi kumpima mjamzito wingi wa damu, anaambiwa aende kituo cha afya, na wengi hawafiki. Kifaa chetu kinasoma tone moja kwa dakika moja, bila umeme wa gridi, mikononi mwa muuguzi aliyefundishwa saa mbili." Kisha weka matokeo yako, yakiwemo mabaya.

Pitisha kifaa kwenye vigezo vya Shirika la Afya Duniani vinavyofahamika kama ASSURED: bei nafuu, kinakamata wagonjwa, kinawaacha wazima, rahisi kutumia, cha haraka na imara, hakihitaji mitambo mingine, kinamfikia mhitaji. Pale usipotimiza, sema hivyo na useme utafanyaje. Taja pia ngazi ya utayari wa teknolojia yako, kati ya 1 (wazo tu) na 9 (kifaa kinachotumika tayari), bila kujipandisha.

Barua ya uungaji mkono iwe mahususi. Barua inayosema "tunaunga mkono mradi huu muhimu" haina uzito. Inayosema zahanati itatoa chumba, muuguzi mmoja na siku mbili kwa wiki, ina uzito.

Kwenye bajeti, usisahau makato ya taasisi, posho za wasaidizi, ada za vibali na urejeshaji wa majibu kwa wananchi waliopimwa. Mara nyingi hilo la mwisho halimo, na ni haki yao.

Hatua ya 10: Tuma, na jiandae kuhojiwa

Soma saa ya kufunga mara mbili. Saa 23:59 ya London wakati wa baridi yao ni saa 8:59 usiku kwetu. Wakati wa kiangazi chao ni saa 7:59. Nimeona watu wakichanganya saa za Kiswahili na za fomu wakakosa kwa saa sita. Tuma siku mbili kabla.

Video ipigwe ndani au palipokingwa upepo, maana kipaza sauti cha simu hakistahimili upepo wa Dodoma. Usionyeshe uso wa mgonjwa bila ridhaa yake ya maandishi kwa ajili ya video hiyo hasa. Kwenye usaili, jaji akiuliza usichokijua, mwambie utakavyokitafuta.

Ukikwama

*Kamati ya maadili imekaa kimya.* Fuatilia kwa barua pepe yenye namba ya maombi, kila wiki mbili, kwa adabu. Wakati huo endelea na hatua ya 6, ambayo haihitaji damu ya mtu.

*Kifaa kilikuwa sawa chuoni, zahanati kinayumba.* Anza na mwanga, kisha joto la vitendanishi, kisha betri, kisha mkono wa mpimaji. Tone dogo au kidole kilichokamuliwa kwa nguvu huharibu jibu la damu hata kwenye mashine ya bei mbaya.

*Umekataliwa bila maelezo.* Omba maoni ya majaji kwa barua fupi, baadhi hutoa. Yasipokuja, mpe andiko mtu wa fani nyingine akuambie alipoacha kuelewa.

*Vitendanishi vimekwama bandarini au uwanja wa ndege.* Kibali cha kuingiza cha TMDA hutangulia mzigo. Kama mzigo umeshatangulia, mtumie wakala wa forodha aliyezoea vitu vya maabara, na umweleze joto la kuhifadhia mapema.

*Msimamizi anataka awe mwombaji mkuu.* Soma masharti ya tuzo husika. Nyingine humtaka mbunifu mwenyewe, na hapo masharti yatakusemea. Zinazomtaka mtafiti mwenye shahada ya uzamivu, kubali, ila mchango wako uandikwe kwenye karatasi ya hatua ya 5.

*Umeshinda, fedha imeingia akaunti ya chuo na haitoki.* Nenda ofisi ya fedha na mkataba wa tuzo, mpango wa matumizi wa kila robo mwaka na barua ya mkuu wa idara. Kwa tuzo inayofuata, uliza utaratibu wa malipo kabla ya kusaini, na muda wao uuweke ndani ya kalenda ya mradi.